Grafini na mawe meusi ya Musonoi



Mtu akisikia habari za grafini, yaani karboni nyembamba kupita vitu vyote, anaweza kuuliza: je, kitu hiki kitafukuza shaba na kobalti? Katika Musonoi na Kolwezi swali hili si mchezo, maana chakula cha jamaa nyingi kinatoka katika mawe hayo. Katekista au padri akiulizwa, asijibu kwa kukisia. Tueleze basi kwa utaratibu.

1. Grafini ni nini? Karboni ndiyo kiini cha makaa, tena cha grafiti iliyo ndani ya kalamu ya risasi. Grafiti ni kama kitabu chenye kurasa nyingi sana. Ukurasa mmoja peke yake ndio grafini. Unene wake ni atomu moja tu, na atomu zimepangwa pembe sita sita kama sega la nyuki. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester, Uingereza, waliubandua kwa utepe wa gundi, wakatangaza kazi yao mwaka 2004. Mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

2. Umeme unapita namna gani? Elektroni zinakimbia humo karibu kilometa 1,000 kwa sekunde. Lakini kuna upungufu. Katika silisiumu kuna pengo ambalo elektroni lazima zilivuke. Ndiyo sababu twaweza kufungua na kufunga njia ya umeme, na ordinateri zote zinategemea jambo hilo. Grafini haina pengo: ni nyumba isiyo na mlango wa kufunga.

Tena ukurasa huu hauna ndani. Wote ni uso. Kwa hiyo kitu unacholalia hubadilisha tabia yake. Juu ya oksidi ya silisiumu, chaji zilizonaswa chini husumbua elektroni, sawasawa na mashimo ya barabara yanavyosumbua baiskeli.

3. Huoteshwa namna gani? Mwaka 2009 wataalamu wa Texas, Marekani, walipasha karatasi ya shaba moto wa digri 1,000 hivi, wakapitisha gesi ya metani. Karboni ikajipanga juu ya shaba. Lakini kisha ni lazima kuyeyusha shaba kwa dawa na kuhamisha ukurasa, nao hupasuka na kuchafuka upesi. Ndiyo maana wengine wanatafuta kuotesha grafini moja kwa moja juu ya oksidi, mahali itakapofanya kazi.

Hapa tunarudi kwetu. Jiwe jeusi la Kolwezi, heterojeniti, ni kobalti iliyoungana na oksijeni na hidrojeni. Likichomwa, maji na oksijeni kidogo hutoka, hubaki oksidi ya kobalti. Mwaka 2012 Jeffry Kelber, naye wa Texas, pamoja na wenzake walitangaza kwamba wameotesha grafini juu ya oksidi ya namna hiyo. Hawakutumia jiwe la mgodi. Walitengeneza oksidi safi ndani ya chombo kisicho na hewa, wakaipasha digri 727 hivi, wakaiangushia mvuke wa karboni kutoka grafiti. Karboni ilijipanga tabaka kwa tabaka. Walipopima, waliona elektroni zinahama kutoka grafini kwenda katika oksidi. Chini kumebadilisha juu.

4. Jibu letu. Grafini haijafukuza shaba wala kobalti. Yenyewe huoteshwa juu yake. Lakini tusidanganye watu: kazi hiyo yataka utando mwembamba tu, si malori ya mawe. Kobalti leo inatafutwa hasa kwa ajili ya betri.

Yafaa tuone jambo moja zaidi. Jiwe linatoka Musonoi katika gunia, na ujuzi wa kilichomo unabaki mbali. Sisi tunaofundisha tuanze kemia kwa mawe haya yaliyo mlangoni, kusudi kijana anayeyabeba ajue pia anachobeba.