Nondo Ipi Ngumu? Tupime Kwanza

Mashindano ya kukunja nondo kwa mikono yanaleta ugomvi bure, maana kila kijana anakuja na chuma chake. Kumbe ugumu unapimika.

Kwanza, unene. Kwa chuma cha aina moja, nondo ya milimita 8 inataka nguvu zaidi ya mara mbili ya ile ya milimita 6. Pili, urefu. Kipande kikikatwa nusu, nguvu inaongezeka mara mbili. Tatu, chuma chenyewe: viwili vinafanana kwa macho, lakini kimoja kigumu zaidi.

Tunapima hivi: laza kipande juu ya madawati mawili, ning'iniza ndoo katikati, mimina maji lita moja moja. Kila lita ni kilo moja. Ongeza na uzito wa ndoo. Kikipinda kisirudi, andika kilo. Nafasi kati ya madawati isibadilike, na miguu ikae mbali.

Huko Marekani, kampuni ya IronMind inatoa cheti kwa anayekunja msumari wake uitwao Red Nail, unene karibu milimita 8, urefu karibu sentimita 18. Kipimo ni kimoja kwa wote, hivyo hakuna mabishano.

Vijana, fungeni viganja kwa kitambaa kinene. Mkono uliochanika hauchoti maji wala haushiki kalamu.