Kubadili Trekta Kuukuu kwa Jipya: Tazama Nyongeza



Ukitembea vijiji vya mpunga vya Usangu, mkoani Mbeya, au vya bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, utaziona pawatila. Pawatila ni trekta dogo la magurudumu 2. Mwendeshaji hutembea nyuma yake, ameshika mipini miwili. Nyingi ziliingia vijijini baada ya mwaka 2009, Serikali ilipotangaza Kilimo Kwanza.

Kwenye jaruba lenye maji, pawatila inafanya kazi nzuri. Kwenye udongo mkavu na mgumu inahangaika. Na mwendeshaji naye anahangaika. Hebu tupige hesabu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Pawatila nyingi hulima upana wa sentimita 60 hivi kwa mara moja. Basi ili kulima ekari moja, mtu anatembea karibu kilomita 7, tena kwenye tope. Ekari 3 kwa siku ni kilomita 20. Kijana anaweza. Mtu wa miaka 50, magoti yanakataa.

Ndiyo maana wengi sasa wanataka trekta la magurudumu 4, lile dogo la nguvu za farasi 20 hadi 30, unalima umekaa. Lakini fedha za kutosha hawana. Walichonacho ni pawatila. Basi muuzaji anawaambia: "Leta hiyo kuukuu, ongeza fedha, chukua jipya."

Mpango huo si mbaya. Lakini wengi hupoteza fedha hapo bila kujua, kwa sababu wanatazama bei moja, na bei ziko mbili.

BEI MBILI KWA PAMOJA

Tuchukue mfano. Tuseme yupo mzee mmoja na mkewe. Wana pawatila ya miaka 6 na tela lake. Wameuza mpunga wa misimu mitatu na kuweka akiba. Hawa ni watu wa mfano tu, na bei zao ni za mfano. Bei za kweli utazikuta madukani.

Wanaingia duka la kwanza. Kijana wa dukani anawapokea vizuri.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Karibuni viti."

"Marahaba, baba. Tumeleta habari ya pawatila yetu. Tunataka kubadili."

"Hamna shida, mzee wangu. Pawatila yenu naichukua kwa shilingi 5,000,000."

Mzee anafurahi. Alidhani haifiki hata 4,000,000. Trekta jipya linauzwa 24,000,000. Kwa hiyo nyongeza ni 19,000,000.

Mama anasema, "Tupite na kwa jirani." Wanaingia duka la pili. Trekta ni lile lile, nguvu zile zile. Huko wanaambiwa pawatila itachukuliwa kwa 3,500,000 tu. Mzee anakunja uso, anataka kutoka. Mama anauliza bei ya jipya. Anajibiwa: 22,000,000.

Sasa chukua kalamu. 22,000,000 toa 3,500,000, inabaki 18,500,000. Kumbe duka lililodharau pawatila ndilo lenye nafuu! Nafuu ya shilingi 500,000. Duka la kwanza lilipandisha bei ya kuukuu, likapandisha na bei ya jipya zaidi. Mkono wa kulia umempa mzee, mkono wa kushoto umemnyang'anya.

Kwa hiyo usiulize tu, "Langu mnanunua shilingi ngapi?" Uliza, "Natoa fedha ngapi juu, hadi trekta lifike kwangu likiwa na zana zake?" Hiyo ndiyo nyongeza. Linganisha duka na duka kwa nyongeza.

Mimi naona ni afadhali kutoitaja kuukuu mwanzoni kabisa. Ingia kama mtu mwenye fedha taslimu. Uliza bei ya jipya, bishana nayo mpaka ifike mwisho wake, omba uandikiwe kwenye karatasi ya bei, ile wanayoiita profoma. Karatasi ikiwa mkononi, ndipo useme: "Haya, na hii pawatila yangu je?" Muuzaji hawezi tena kuipandisha bei ya jipya bila wewe kuona.

NJIA YA TATU: UUZE MWENYEWE

Kabla ya kwenda mjini, jua pawatila yako ina thamani gani kijijini. Usikadirie kwa kukumbuka bei uliyonunulia. Hiyo imekwisha kupita. Uliza zilizouzwa karibuni, zenye umri kama yako, ziliuzwa kiasi gani. Usisikilize bei wanazotaja wauzaji. Tafuta bei waliyopokea, maana kutaja ni jambo moja na kulipwa ni jambo lingine.

Mzee na mama wetu wamepata mnunuzi kijiji cha jirani. Yuko tayari kutoa 4,500,000. Na duka la pili linasema, anayelipa taslimu bila kuleta kuukuu atapunguziwa hadi 21,500,000. Basi watatoa mfukoni 17,000,000. Lakini fundi anataka 300,000 kuirekebisha pawatila kabla haijauzwa, na dalali anataka 200,000. Jumla ni 17,500,000. Bado ni nafuu kuliko 18,500,000 za dukani. Wanaokoa milioni 1 nzima.

Je, wauze wenyewe? Ngoja kwanza. Itategemea ni mwezi gani.

Tuseme ni Novemba, mvua inakaribia. Mnunuzi anasema fedha atamaliza Januari. Mzee huwalimia watu, na akitoa dizeli na posho ya mwendeshaji, hubakiwa na 25,000 kwa ekari. Akikosa trekta wiki chache tu akapoteza ekari 40, amepoteza 1,000,000. Nafuu yote imekwenda! Hapo ni heri abadili dukani, alime.

Lakini ikiwa ni Julai, mpunga umevunwa, mashamba yamelala, anaweza kungoja mnunuzi bila hasara. Na Julai ina faida nyingine. Mwezi Novemba muuzaji anajua una haraka, na aliye na haraka hapunguziwi. Baada ya mavuno, yeye ndiye anayetazama mlango.

MOSHI UNASEMA

Fundi wa duka atakuja kuikagua pawatila yako. Kila kasoro atakayoiona ataigeuza kuwa fedha, tena nyingi kuliko gharama ya kuitengeneza. Kwa hiyo wahi wewe.

Iwashe asubuhi ikiwa baridi, utazame moshi. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Mara nyingi ni chujio la hewa limeziba. Lisafishe au nunua jipya. Ni fedha kidogo, lakini ukiuacha moshi huo, fundi atasema injini imechoka na kukata laki kadhaa.

Moshi wa bluu ni habari nyingine. Hapo oili inaungua ndani ya injini, na mara nyingi ni ringi za pistoni zilizolika. Kutengeneza ni gharama kubwa, na sikushauri ufanye hivyo kwa ajili ya kuuza tu, maana fedha hazitarudi zote. Sema ukweli, na bei ipungue kwa haki. Moshi mweupe wa kuwashia asubuhi si neno. Usipoisha hata injini ikishapata moto, mwite fundi wako aangalie.

Mikanda ikiwa imepasuka, badili. Visu vya kulimia vikiwa vimelika, ulizia bei ya vipya, upime. Ioshe yote. Lakini usiipake rangi mpya. Fundi akiona rangi mpya kwenye chuma kuukuu, huanza kutafuta kilichofichwa chini yake.

Kuna kitu kimoja kinachopandisha bei, na wengi hawana: daftari. Pawatila nyingi hazina mita ya kuhesabu saa za kazi. Muuzaji hujikadiria tu, na hukadiria kwa faida yake. Kama kila unapomwaga oili, kila baada ya saa 100 hivi za kazi au kama kitabu chake kinavyoagiza, unaandika tarehe, na kila spea unayonunua unabandika risiti yake, huyo muuzaji utamwonyesha nini? Utamfungulia daftari asome. Hapo hana la kukadiria. Wewe uliyejifunza kuandika ukubwani, hii ni kazi ya kalamu yako, na inalipa.

Usisahau tela. Tela la pawatila hufanya kazi mwaka mzima: magunia, maji, matofali, hata wagonjwa. Muuzaji hupenda kulichukua pamoja na pawatila bila kuongeza kitu. Mwambie akupe bei mbili, moja na tela, moja bila tela. Tofauti ikiwa ndogo, baki nalo uliuze peke yake.

HILO JIPYA, NI JIPYA KWELI?

Siku hizi matrekta madogo yaliyokwisha kutumika Japani yanauzwa huku, kama Kubota, Yanmar na Iseki. Mengine ni mazuri sana. Lakini "jipya kwako" si "jipya". Mita yake ikisema saa chache, tazama pedali, kiti na mpini wa gia. Pedali ikiwa imelika mpaka inang'aa, na mita inasema saa 300, mita hiyo usiiamini.

Jambo la spea ni kubwa zaidi. Baadhi ya matrekta hayo yalitengenezwa kwa soko la Japani tu, na vipuri vyake ni vigumu kupatikana. Kabla ya kutoa fedha, nenda maduka ya spea ukaulize vitu vitatu: chujio la oili, sahani ya klachi na pampu ya maji. Vipo? Bei gani? Kama havipo, rudi kwa muuzaji umwambie hivyo. Ama apunguze bei, ama mwachie trekta lake.

Muuzaji akisema bei haishuki kabisa, acha bei, omba vitu. Akusafirishie hadi kijijini. Akupe oili na vichujio vya matengenezo ya kwanza. Aweke plau au haro ndani ya bei ile ile. Fundi wake akae siku moja amfundishe mwendeshaji wako. Vitu hivyo kwake ni rahisi kutoa kuliko kukata fedha, na kwako ni fedha vile vile.

ULIPAJI WA KIDOGO KIDOGO

Hapa ndipo wengi huumia. Turudi kwa mzee na mama. Nyongeza ni 18,500,000. Wanalipa 6,500,000, zinabaki 12,000,000. Muuzaji anasema, "Mama, msipate tabu. Mtalipa laki 6 tu kwa mwezi, miezi 24."

Laki 6 inasikika ndogo. Zidisha: 600,000 mara 24 ni 14,400,000. Deni la milioni 12 limekuwa milioni 14 na laki 4. Shilingi 2,400,000 ni riba. Sisemi usikope. Nasema uijue hiyo namba kabla ya kusaini, uilinganishe na benki au chama chenu cha akiba na mikopo.

Tena, mkulima wa mpunga hapati mshahara. Fedha zake huja baada ya mavuno. Machi atatoa wapi laki 6? Omba ulipe kwa misimu. Akikataa, uliza kinachotokea ukichelewa mwezi mmoja, na jibu liandikwe.

KARATASI

Makubaliano ya mdomo hayatoshi, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Iandikwe bei ya jipya peke yake, bei ya kuukuu peke yake, na nyongeza. Ziandikwe namba za injini na za chesisi za matrekta yote mawili, kila zana iliyoahidiwa, tarehe ya kukabidhiana, na muda wa dhamana. Kama pawatila ni ya kikundi, wanakikundi wakae kikao na muhtasari uandikwe kwanza. Kama ni ya nyumbani, mwenzako wa ndani ajue na asaini. Kama iliwekwa rehani ya mkopo usiokwisha, huwezi kuibadili mpaka deni limalizike au mkopeshaji akubali kwa maandishi.

Matrekta yenye kadi, umiliki uhamishwe Mamlaka ya Mapato. Usiache trekta uliloliuza litembee barabarani kwa jina lako. Likigonga mtu, utatafutwa wewe.

Na pawatila yako isitoke nyumbani kabla trekta jipya halijafika. Wapo watakaosema, "Mzee, tuachie hii leo, lenu linakuja wiki ijayo." Wiki ijayo inaweza kuwa baada ya mvua. Vibadilishwe siku moja, mahali pamoja. Liwashe jipya likiwa baridi, usikubali ulikute limeshapashwa moto. Linyanyulie plau juu, uliache hivyo muda wa kunywa chai, uone kama plau inashuka yenyewe. Lipige mstari mmoja shambani. Hesabu zana moja moja kwa karatasi. Ukiridhika, tia saini, ndipo umkabidhi hendeli ya kuwashia ile kuukuu.