Ramani ya Mji na Afya ya Ujirani: Mafunzo kutoka Bujumbura

Katika usanifu majengo, yaani taaluma ya kubuni majengo na kupanga nafasi zinazoyazunguka, watafiti wamekuwa wakiuliza swali ambalo zamani liliachiwa wanasosholojia: umbo la nyumba, upana wa njia na mahali pa kuweka bomba la maji huchangia nini katika afya ya jamii na katika hisia ya mkazi kwamba anapoishi ni kwao? Bujumbura, mji wa kando ya Ziwa Tanganyika uliopangwa na wakoloni kwa kutenganisha watu na baadaye ukagawanywa na vita, una mengi ya kufundisha juu ya swali hilo.

Jibu moja la kisayansi lilipatikana Marekani. Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wenye familia waliokuwa wakiishi katika nyumba za chuo cha MIT, wakaonyesha kwamba urafiki hufuata umbali wa kimatumizi, yaani jinsi njia, ngazi na milango inavyowafanya watu wapishane mara nyingi au mara chache. Wakazi wa chini waliokaa karibu na ngazi, ambako majirani wa juu walipita kila siku, walifahamiana zaidi na watu wa ghorofani kuliko wenzao waliokaa mbali na ngazi hizo.

Mantiki hiyohiyo imo katika nyumba ya Kiswahili, ambayo ilifuata njia za biashara kutoka pwani hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mbele huwa na kibaraza, ambapo mwenye nyumba na mpita njia husalimiana bila mmoja kumkaribisha mwenzake ndani. Katikati hupita ukumbi wenye vyumba pande zote mbili. Na nyuma kuna ua wa kupikia na kufulia, ambamo wapangaji hukutana wapende wasipende. Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao wakoloni Wabelgiji waliupanga kwa barabara zilizonyooka zenye namba na kuuita kijiji cha Waswahili, uliwaweka pamoja Warundi, Wakongo na watu wa asili ya Tanganyika, wengi wao Waislamu.

Vita vilipozuka baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi tarehe 21 Oktoba 1993, wakazi wa mitaa mingi walifukuzwa kwa misingi ya kabila, hata Kamenge na Kinama zikahesabiwa kuwa za Wahutu, na Ngagara na Nyakabiga za Watutsi. Buyenzi haukusalimika na mashambulizi, lakini ulibaki na mchanganyiko wa watu kuliko mitaa mingi. Si haki kuupa usanifu peke yake sifa hiyo, maana dini, lugha na biashara vilikuwa na nguvu kubwa. Hata hivyo, vyote hivyo huhitaji mahali pa kufanyikia, na mahali hapo ni ua, kibaraza, msikiti na gereji.

Pale ambapo ujirani umekwisha kuvunjika, kukutana tu hakutoshi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza kwamba makundi yanayochukiana hupunguza chuki yanapokutana yakiwa sawa kwa hadhi, yakiwa na lengo moja, yakishirikiana kulifikia, na yakiungwa mkono na wenye mamlaka. Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari Waksaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990, kinakaribia masharti hayo: viwanja vya michezo, maktaba na vyumba vya mafunzo vimewekwa pamoja, vikiwahudumia vijana wa mitaa ya kaskazini ya makabila yote, kwa hiyo kijana aliyefuata mpira au kitabu alijikuta karibu na yule aliyefundishwa kumwogopa. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa Tuzo ya Right Livelihood.

Mafunzo hayo yana masharti yake. Katika mji wa jua kali na mvua za miezi mingi, benchi lisilo na mti halikaliwi, na uwanja usio na mifereji hugeuka dimbwi. Kwa hiyo manispaa inapopima viwanja vipya, itenge kwanza uwanja wa wote, kivuli na bomba la maji mahali ambapo njia za watu mbalimbali hukutana, kisha ndipo igawe vya watu binafsi. Kwa maana ardhi ya wote ikishauzwa, kuirudisha ni kazi ngumu na ya gharama kubwa.