Mwanga Kabla ya Kamera: Kujifunza Kuandaa Mandhari ya Msitu wa Amani katika Mchezo wa Kompyuta

Makala haya yanafafanua namna mwanafunzi wa uundaji wa michezo ya kompyuta anavyojifunza kuweka mwanga na athari za kamera katika mandhari. Mfano uliotumika ni msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997 katika Milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Hoja kuu ni kwamba mwanga hutangulia kamera, kwa kuwa athari za kamera haziwezi kurekebisha mandhari ambayo jua lake limewekwa pasipo pake.

Katika programu huria ya Godot, jua huwakilishwa na chanzo kimoja cha mwanga chenye pembe, rangi na nguvu. Pembe ndiyo yenye uzito zaidi. Amani ipo takribani nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Hivyo, jua la adhuhuri huko halishuki chini ya nyuzi 61 kutoka upeo wa macho, hata mwezi Juni. Katika ardhi tambarare, kivuli cha mti wa mita 30 saa hiyo hakifiki mita 17. Jijini London, adhuhuri ya Desemba, jua huwa kwenye nyuzi 15 hivi, na kivuli cha mti kama huo hupita mita 100. Mwanafunzi anayenakili pembe za somo lililoandaliwa kwa mazingira hayo huipa Muheza adhuhuri isiyo yake.

Hatua ya pili ni mwanga uakisiwao. Chini ya matawi yaliyosongamana, mwanga mwingi huwa umekwisha kugonga au kupenya majani, nao hubeba rangi ya kijani. Kwa vitu visivyosogea, kama vile mashina na miamba, mwanga huo unaweza kukokotolewa mapema na kuhifadhiwa, ili kompyuta yenye uwezo mdogo isilemewe wakati wa mchezo.

Hatua ya tatu ni ukungu, ambao ni sehemu ya sura ya milima hiyo. Ukungu wa kawaida hufifisha vitu kadiri vinavyokuwa mbali. Ukungu wa ujazo huonyesha pia miale ikipenya kati ya miti. Hata hivyo, katika Godot 4 hupatikana kwa njia ya uchoraji iitwayo Forward+ pekee, ambayo huhitaji kifaa chenye nguvu. Kwa mchezo wa simu, ukungu wa kawaida ndio unaofaa.

Baada ya hapo ndipo kamera hushughulikiwa: kiasi cha mwanga inachopokea, umbali inaolenga, na mng'ao unaozunguka sehemu angavu. Athari hizi huelekeza jicho la mchezaji, lakini pia huweza kuficha kasoro. Mng'ao ukizidi, njia na kichaka huchanganyika, na mchezaji hupotea bila kujua sababu.

Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba kazi ya mwanafunzi ipimwe mara mbili: kwanza athari zote za kamera zikiwa zimezimwa, kisha zikiwa zimewashwa. Ikiwa katika kipimo cha kwanza njia haionekani na saa ya siku haitambuliki, marekebisho yaanzie kwenye jua.