Dawa Ile Ile, Fuwele Tofauti

Kalamu ya risasi haina risasi. Kile cheusi kiandikacho ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, na grafiti ni kaboni. Madini haya yamo katika milima ya Mahenge, kusini mwa Ifakara, ng'ambo ya Mto Kilombero. Almasi za Mwadui, mkoani Shinyanga, zilizogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, nazo ni kaboni. Katika almasi kila atomu imeungana na nyingine nne pande zote, hivyo ni ngumu mno. Katika grafiti atomu zimejipanga kwa matabaka yatelezayo moja juu ya jingine, hivyo huacha alama karatasini. Kitu ni kimoja. Mpangilio ndio utofautianao.

Hali hii haipatikani katika elementi peke yake. Molekuli za kampaundi moja nazo zaweza kujipanga katika fuwele za namna mbili au zaidi. Wanakemia huiita hali hiyo polimofia. Fomula haibadiliki, lakini kiwango cha joto cha kuyeyuka na wepesi wa kumumunyika hubadilika.

Katika Bonde la Kilombero jambo hili lagusa uhai wa watu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa KINET ulieneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Baadaye mbu wa bonde hilo, hasa Anopheles funestus, walijenga usugu dhidi ya pairethroidi, yaani dawa zilizotengenezwa kwa kuiga kemikali za ua la pareto.

Mojawapo ya dawa hizo ni deltamethrini. Mbu atuapo juu ya fuwele zake, molekuli humwingia kupitia miguuni. Mwaka 2020 Bart Kahr na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walieleza kuwa waliipasha dawa hiyo joto la nyuzi 110 za Selsiasi kwa dakika chache, kisha wakaiacha ipoe. Ilijipanga upya katika fuwele za namna ya pili, na katika maabara fuwele hizo ziliwaangusha mbu kwa kasi iliyofikia mara 12 ya zile za kawaida.

Sababu ni kwamba molekuli za fuwele hizo hazikushikana kwa uthabiti ule wa kwanza, basi huachana upesi. Usugu wenyewe hauondoki, kwa kuwa molekuli iingiayo mwilini ni ile ile. Ila huingia kwa wingi zaidi kwa muda mfupi.

Mwalimu aweza kuionyesha kanuni hii kwa salfa. Ikiyeyushwa taratibu, mahali penye hewa ya kutosha, kisha ikapoa, hufanya fuwele mfano wa sindano. Zikikaa katika joto la kawaida, sindano hizo hufifia na kurudia umbo lao thabiti. Fuwele mpya za deltamethrini zilidumu kwa muda usiopungua miezi 3. Ulegevu uzipao nguvu ndio huo huo uwezao kuzirudisha katika umbo la awali.