Wimbo wa Kunawa Bila Maji Hausaidii

Msee, mtoto wa gredi ya pili atakuimbia wimbo wa kunawa mikono bila kukosea. Sasa mfuate chooni uone: mfereji umekauka, kipande cha sabuni kilibebwa kitambo. Atanawa na nini? Kipindupindu hakiogopi wimbo.

Dawa ni rahisi. Chukua mtungi wa lita 5, utoboe karibu na mdomo, uuning'inize kwenye mti, kisha ufunge kamba hadi kwa kijiti cha kukanyaga. Changanya sabuni ya unga na maji kwenye chupa. Hiyo haiingii mfukoni.

Oktoba 15 ni Siku ya Kunawa Mikono Duniani. Usingoje sherehe. Wikendi hii ita mabeshte, muende shule mliyosomea.