Askari Katika Damu ya Samaki

Mkulima mwenye ng'ombe wa gredi anajua kwamba si vizuri dume kupanda binti zake mwenyewe. Uzao hudhoofika. Lakini ni wangapi kati yetu wenye mabwawa wanaokumbuka jambo hilo wanapochagua tilapia wa kuzaa?

Samaki, kama ng'ombe na kama mtu, ana askari katika damu yake. Askari hao wana vipokezi, yaani vitu vidogo mno vinavyoshika alama ya kijidudu cha ugonjwa kama kufuli inavyopokea ufunguo wake. Kipokezi hutengenezwa kwa kufuata jeni, yaani maagizo ya urithi ambayo samaki hupewa na baba na mama. Wazazi wakiwa wa damu mbalimbali, watoto hupata ulinzi wa namna nyingi. Ugonjwa ukiingia, huenda wengine wakafa, lakini wengine watautambua na kupona.

Maagizo hayo hubadilika polepole, kizazi kwa kizazi. Katika bahari baridi ya Atlantiki yuko samaki aitwaye kodi (si kodi ile tunayolipa Serikali!). Mwaka 2011 wataalamu wa Norwe walitangaza matokeo ya kusoma jeni zake, nayo yalistaajabisha. Sehemu moja kubwa ya ulinzi, ambayo karibu wanyama wote wenye uti wa mgongo wanayo, yeye hana. Hata hivyo huishi vizuri baharini. Jeni za sehemu nyingine ya ulinzi wake zimeongezeka hata kufika karibu 100, na mtu ana chache tu za aina hiyo. Mwaka 2016 ilionekana kwamba babu wa kodi na jamaa zake alipoteza sehemu ile karibu miaka milioni 100 iliyopita.

Kodi alipata muda mrefu wa kujirekebisha. Bwawa lako halina muda huo. Ukizalisha samaki wa tumbo moja mwaka baada ya mwaka, watafanana ulinzi, na ugonjwa mmoja waweza kuwamaliza wote.

Kwa hiyo, usitegemee wazazi wachache. Badilisha wazazi mara kwa mara, ukichukua vifaranga kutoka mahali panapoaminika. Usilete samaki wagonjwa, na maji yawe safi, kwa maana damu njema haiponyi uchafu. Kabla ya kununua, mwulize Ofisa wa Samaki wa wilaya yako. Ni afadhali kuuliza leo kuliko kuokota samaki waliokufa kesho.